Telekomande Haifiki Kabambare

Kasongo, 14 Januari 2024

Kwako Babu Alimasi, dereva mkuu wa barabara isiyo na magari,

Pokea salamu zetu sote. Tuko wazima. Mama anauza mchele wake sokoni, Baba anakohoa lakini hakubali kwamba anakohoa, na mdogo wangu Heri sasa anakimbia na kuangusha masufuria. Bibi Feza yupo. Nilimuuliza kama nikusalimie kwa niaba yake, akasema, "Andika tu mambo ya masomo." Basi naandika mambo ya masomo.

Mwalimu wetu wa umeme, Mwalimu Hippolyte, ametuambia tutengeneze gari dogo la mashindano, lenye urefu wa mkono, linaloendeshwa kwa telekomande. Yaani dereva anasimama pembeni na kidude mkononi, anabonyeza, na gari linamtii kwa mbali. Mwezi wa sita tutashindana na wanafunzi wa shule nyingine hapa kwetu, kwenye uwanja wa basketi.

Kikundi chetu ni watu watatu. Pitchou anajua kufungua redio, na siku nyingine anajua hata kuifunga. Régina anachomelea nyaya kwa utulivu wa mtu anayesuka nywele. Mota tumeitoa kwenye mashine ya kuchapa iliyokufa, na telekomande tumeitoa kwenye gari la kuchezea la mtoto wa mjomba wake Régina. Matairi tutayakata kwenye kandambili zilizochoka. Mimi wamenifanya dereva, kwa sababu nilijisifu kwamba babu yangu ni Alimasi wa lori la Tutafika. Sasa lazima nijue kitu. Niambie, gari lisiloshindwa linatengenezwaje?

Mama anauliza kwa nini hununui simu. Nimemjibu kwa niaba yako kwamba barua haikatiki katikati ya neno. Barua hii anaileta Amani, yule wa pikipiki.

Mjukuu wako, Faida

*

Kabambare, 9 Februari 2024

Kwako Mama yangu Faida,

Assalam alaykum. Amani alinikuta nakuita Mama akacheka, kijana hana adabu. Nikamweleza kwamba umebeba jina la aliyenizaa, Mungu amrehemu, na kwetu mwenye jina ndiye mwenye amri. Ukiniamuru, lazima nitii. Mpaka leo hujaniamuru chochote na ninakushukuru kwa hilo.

Mimi sijambo. Mihogo imekubali, mbuzi mmoja amekataa. Lori langu Tutafika liko uani, limesimama imara. Ni kweli halijatembea tangu barabara ilipokufa, lakini kosa ni la barabara. Kila asubuhi napanda kwenye kiti changu, nashika usukani na kunywa chai yangu humo.

Sasa kuhusu hilo gari lenu. Gari ambalo dereva wake hayumo ndani! Mama, dereva hujifunza barabara kwa makalio. Likigonga shimo lazima na yeye aumie, ndipo kesho atalikwepa. Huyo wa pembeni anayebonyeza tu ataumia wapi? Lakini dunia ni yenu, fanyeni.

Shauri langu ni moja: liinueni. Tumbo la gari lisiguse ardhi. Nimevuka matope ambayo wenzangu waliyaachia magari yao, kwa sababu lori langu lilikuwa juu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Ningekuja mwenyewe kukuonyesha, lakini unajua msimamo wangu. Tangu nipate leseni sijakaa nyuma ya dereva mwingine, na huku siku hizi hakuna usafiri ila pikipiki za watoto hawa. Sitaanza uzeeni kukumbatia mgongo wa Amani.

Nasikia bibi yako bado anamlea mtoto aliyezaliwa. Mtoto huyo anayeangusha masufuria. Siulizi, naandika tu.

Mwanao, Alimasi

*

Kasongo, 17 Machi 2024

Kwako Babu,

Nakuamkia. Baba sasa anakubali kwamba anakohoa, kwa hiyo ameanza kupona. Mvua imeingia dukani kwa jirani ikatoka na sabuni zake. Bibi yupo. Barua yako niliiacha mezani, na niliporudi nikaikuta imekunjwa vizuri kuliko nilivyoiacha. Heri hajui kukunja.

Gari limetembea! Tumeliinua kama ulivyosema, limekaa juu kama mbuzi. Pitchou alitaka liitwe Mshale, lakini nikashinda, linaitwa Tutafika Ndogo. Shida yetu ni telekomande. Nguvu yake inaishia kwenye mlingoti wa bendera. Likipita hapo, gari halikusikii tena, linashika amri ya mwisho uliyoipa na kwenda nayo. Juzi amri ya mwisho ilikuwa "mbele". Likavuka mlingoti, likapanda varanda, likaingia ofisini kwa mkurugenzi wa shule yetu alipokuwa na wageni, na kuanza kugonga viatu vyake chini ya meza. Mimi nabonyeza, Régina anaomba Mungu, Pitchou amejificha. Mkurugenzi alitoka nalo mkononi, magurudumu bado yanazunguka, akauliza, "Huyu mutoto ni wa nani?" Tumepewa kazi ya kufagia uwanja mpaka Pasaka.

Sasa nikuulize jambo lisilo la masomo. Jioni moja nilimwambia Bibi, "Ulikuja kumsaidia Mama kujifungua. Amejifungua. Mbona hurudi kwa Babu?" Akaendelea kuchagua mawe kwenye mchele, kisha akasema, "Miye siko muzigo wa kurudishwa na mwenye pikipiki. Mwanamuke anafuatwa." Nikamwambia lakini Babu hapandi pikipiki. Akasema, "Basi muulize kuku yangu iko wapi. Muulize hiyo tu."

Nakuuliza: kuku gani?

Faida wako

*

Kabambare, 28 Aprili 2024

Kwako Mama,

Salamu kwa wote, na pole kwa kufagia. Huku Mzee Assumani, jirani yangu, amemwoza mtoto wake, na nilikula vizuri. Nilikaa kati ya watu wenye wake zao, wakawa wananiuliza mambo ambayo hayawahusu.

Kuhusu gari: mzigo uwekeni nyuma, ili magurudumu ya nyuma yashike ardhi. Na ongezeni kimo kidogo. Lori langu ukisimama mbele yake taa zinakutazama machoni. Kwenye springi msifanye mchezo. Nilishawahi kukatikiwa springi nikiwa na magunia ya karanga, nikalifunga gari kwa kamba za miti, na nikafika. Halikuandikwa Tutafika kwa mapambo.

Telekomande isiyofika mbali, dawa yake ni subira. Endesheni karibu.

Sasa nina ombi. Wewe ni mama yangu kwa jina, hivyo Feza ni mkwe wako. Mkaribie kama mama mkwe. Umwambie kwa upole kwamba mwanao anamhitaji nyumbani, arudi, Amani atambeba bila kumrusharusha. Usiseme nimekutuma. Kisha uniandikie amejibu nini na alikuwa na uso gani.

Kuhusu kuku, sikumbuki kuku. Kabambare ina kuku wengi.

Mwanao, Alimasi

*

Kasongo, 16 Juni 2024

Kwako Babu,

Sisi wazima. Mtihani umekwisha, Heri ameota meno ya nyuma na ameyajaribu kwangu.

Nianze na kazi uliyonituma. Nilikaa mkekani mbele ya Bibi, nikakohoa kama mtu mzima, nikasema, "Mkwe wangu, mwanangu Alimasi ana upweke." Alinitazama kuanzia soksi za shule kwenda juu, akacheka mpaka Mama akaja kuchungulia. Kisha akasema, "Mama mukwe, mutoto wako iko na mvi kichwani. Aje yeye mwenyewe."

Halafu akanieleza habari ya kuku ambaye humkumbuki. Alisema kuku wake alipanda kwenye Tutafika akataga chini ya kiti chako, akaanza kuatamia. Wewe ulikuja na chai yako asubuhi, ukamtoa nje, mayai ukayaweka kwenye majani, yote yakaharibika. Ukamwambia Bibi mbele ya Mzee Assumani kwamba lori si nyumba ya mtu. Bibi alisema, "Gari halitembei, kuku halitagi, na mimi kazi yangu ni gani?" Kesho yake akaja huku kusaidia uzazi. Na uzazi wenyewe, Babu, ulikuwa bado miezi miwili.

Sasa mashindano. Uwanja ulijaa. Wenzetu walileta gari limelala chini kabisa, ukilitazama unadhani limekanyagwa. Watu wakaona letu limesimama juu wakapiga makofi, nami nikajiona dereva. Firimbi ikalia. Mbele tulikwenda vizuri sana, kweli tuliongoza. Ikafika kona ya kwanza, nikabonyeza kushoto. Tutafika Ndogo likainama, likafikiri kidogo, likalala ubavu, likapinduka. Pitchou alikimbia kulisimamisha, nikabonyeza tena, likapinduka upande wa pili na ekseli ikavunjika. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sisi tulilisikia la mkuu.

Nililia, sitaficha. Miezi mitano ya kandambili na waya iliishia kwenye kona moja. Mwalimu Hippolyte alisema tulitengeneza gari zuri kwa ajili ya barabara ya Kabambare, bahati mbaya mashindano yalikuwa kwenye saruji. Sisi watatu tulikuwa hatujawahi kuona mashindano yoyote, Babu. Tulipowaza gari linalokwenda mbali, tuliwaza matope.

Bibi alikuwapo. Alivaa kitenge kipya akakaa mstari wa mbele. Gari lilipopinduka alisema kwa sauti, "Ndiyo yeye kabisa! Anakaa juu sana, kona inamushinda." Watu wote wakacheka. Naye alicheka, kisha akajifuta macho na ncha ya kitenge, na akaendelea kujifuta hata watu walipokwisha kunyamaza.

Faida

*

Kabambare, 7 Julai 2024

Kwako Mama,

Salamu. Jua kali, vumbi jingi.

Pole kwa ekseli. Saruji si barabara, ni sakafu. Mngepewa barabara ya kweli mngeshinda. Ushauri wangu ulikuwa sahihi, isipokuwa mahali ndipo palipokosea.

Kwa mashindano mengine lishusheni kidogo. Kidogo tu.

Huyo Assumani amezeeka, asisingiziwe kusikia mambo.

Kitenge hicho kipya kilikuwa cha rangi gani?

Alimasi

*

Kasongo, 21 Julai 2024

Kwako mwanangu Alimasi,

Leo nakuandikia kama mama yako, kwa hiyo salamu ni fupi: tuko wazima, kaa vizuri unisikilize.

Tumelishusha gari mpaka chini. Linakata kona zote sasa, lakini hakuna mashindano mengine. Kwa hiyo huwezi kusema unakuja Kasongo kutazama gari. Nimesubiri kwa makusudi mpaka sababu hiyo iishe.

Uliniambia dereva wa pembeni haumii, kwa hiyo hajifunzi. Je, wewe umekaa wapi? Umekaa Kabambare ndani ya lori lililosimama, unabonyeza. Unanibonyeza mimi niseme hiki, nitazame uso, niulize rangi ya kitenge. Mimi nimekuwa telekomande yako tangu Januari. Na yetu angalau inafika kwenye mlingoti. Yako haifiki popote. Amri ya mwisho uliyompa Bibi ilikuwa "lori si nyumba ya mtu", na hiyo ndiyo anayokwenda nayo mpaka leo.

Jana usiku Heri aliamka akilia, Bibi akambeba na kumwimbia. Mtoto akalala, yeye akaendelea kuimba peke yake. Mimi nilikuwa macho. Babu, ule wimbo si wa watoto, ni ule unaoupiga mluzi wewe ukiosha vioo vya lori. Inaniuma. Nawapenda nyote wawili na nimechoka kukaa katikati.

Kwa hiyo, kwa jina nililobeba, nakuamuru. Panda pikipiki. Kaa nyuma. Njoo umfuate mkeo.

Mama yako, Faida

(Kitenge ni cha bluu.)

*

Kabambare, 18 Agosti 2024

Kwako Mama,

Amri yako imefika. Niliisoma mara ya kwanza nikaghadhibika, nikaisoma tena nikaenda kulala bila kula. Mama mzazi alikuwa hivyohivyo, akikuchapa hakosi.

Ningeondoka siku ileile, lakini kuna kuku.

Asubuhi nilifungua mlango wa Tutafika na chai yangu mkononi, nikamkuta chini ya kiti. Ni mtoto wa kuku yule, wa mayai ya baadaye, ana madoa yaleyale. Kalalia mayai. Alinitazama kama mwenye gari akimtazama abiria aliyechelewa. Nilisimama pale mpaka chai ikapoa. Safari hii sikumtoa. Nilifunga mlango polepole, na sasa chai nanywea kwenye ngazi. Kiti changu nakiona kupitia dirishani.

Kwa hiyo siwezi kuja mpaka vifaranga waanguliwe. Nani atamfungulia mlango akatafute chakula? Assumani? Bibi yako asidhani natafuta sababu. Akitaka ushahidi, na aje aone. Hapana, hilo futa. Usimsomee hilo.

Amani ameniuliza kama kweli nitapanda. Nimemwambia aipunguze ile honi yake.

Mwanao mtiifu, Alimasi

*

Njiani, kwenye daraja la magogo, 10 Septemba 2024

Mama,

Sina pa kuandikia vizuri, nimeweka karatasi juu ya goti. Amani anaziba tairi. Huyu mwenzake anayewahi Kasongo amekubali kutangulia na barua hii.

Nimekaa nyuma. Basi, nimelisema. Kila kona mguu wangu ulitafuta breki isiyokuwapo. Nilimwambia Amani, "Punguza!" akasema, "Babu, tuko natembea polepole kuliko mubuzi." Tumeanguka mara moja, kwenye mchanga, hakuna aliyeumia ila mimi na maneno yangu. Makalio yamejifunza barabara yote upya.

Nimempakata kuku kwenye kikapu na vifaranga wake. Wote wazima, wanapiga kelele kuliko injini. Kama Feza hataki kuniona mimi, atataka kuwaona hawa.

Mwambie nakuja kumchukua. Si wewe, si Amani, ni mimi. Mwambie nyumba imekuwa kubwa mno, na chai haina ladha kwenye kiti wala kwenye ngazi. Nimemkumbuka. Ningetaka kuyasema haya mwenyewe, ila naogopa nikifika mlangoni nitaanza kuzungumza juu ya springi.

Alimasi

*

Kasongo, siku hiyohiyo, saa tisa

Babu,

Huyu mwenye pikipiki anarudi upande huo, nimemwomba akuwahi kabla hujabadili mawazo.

Nilimsomea Bibi barua yako yote, hata ya springi. Alichukua sufuria akaliosha, na lilikuwa safi. Kisha akaoga, akavaa kile cha bluu, akaketi kizingitini akitazama njia. Nikamuuliza, "Nimwandikie nini?" Akasema, "Mwambie atembee polepole, vifaranga visiumie."

Ndiyo salamu yake ya kwanza kwako tangu nianze kuandika, kwa hiyo naituma kama ilivyo.

Na jambo moja la siri. Nilipoingia chumbani kumsaidia kufunga mizigo, nilikuta mkoba wake umeshafungwa, uko nyuma ya mlango, una vumbi juu. Mama anasema umekuwa hapo tangu mwezi ule aliokuja. Usimwambie kwamba nimekuambia.

Faida